Jogoo wa Vihiga Kwenye Paa la Tassia

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, Asenath Mulongo aliwachanja kuku wake sitini na wawili dhidi ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa haraka, tone moja jichoni kwa kila kuku, juu ya paa la jengo la ghorofa tano mtaani Tassia. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla joto halijaiharibu chanjo, akamaliza kabla ya mumewe, Dishon, kuondoka kwenda kiwandani.

Kuku hao wa mayai ni kundi lake la pili. La kwanza liliisha kwa ugonjwa huo ndani ya siku sita mwaka 2021, baada ya yeye kununua tetea mmoja sokoni na kumchanganya na wengine siku hiyohiyo. Tangu hapo, kuku mgeni hukaa peke yake wiki tatu.

Mwezi Novemba mama mkwe wake, Everline, alifika kutoka Vihiga na jogoo mwekundu kikapuni. Kwao zawadi ya namna hiyo haikataliwi, na jogoo huachiliwa papo hapo kati ya kuku wa nyumba. Asenath alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akampeleka kwenye kizimba upande wa pili wa paa, nyuma ya kamba za nguo.

"Mama Elsie," Everline alimwambia mkaza mwanawe, "nimekuletea jogoo, wewe unamtia rumande?"

"Akitoka atawika vizuri zaidi, Mama."

Dishon alimwomba mkewe alegeze kidogo, kwa heshima ya mzazi. Hakulegeza. Kila asubuhi aliwalisha kuku wake kwanza na jogoo mwisho, kwa malapa mengine na chombo kingine, kisha akanawa kwa sabuni.

Siku ya tano jogoo alizubaa, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Siku ya sita shingo ilipinda. Everline alitaka achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee, kama wafanyavyo nyumbani. Asenath alikataa. Manyoya, damu na maji ya kumnyonyolea yangeusambaza ugonjwa paa zima.

"Tukimchinja hapa, Mama, tumewachinja wote."

Hapo Everline akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba kabla ya safari kuku wake wanane walikuwa wamekufa. Alidhani ni upepo wa msimu, maana hufa hivyo kila mwaka. Huyu mwekundu alionekana mzima kuliko wote, ndiyo maana alimchagua.

Matheka, afisa wa mifugo aliyeitwa na Asenath, alithibitisha kideri. Alimuua jogoo, akamfunga katika mifuko miwili na kuondoka naye akateketezwe.

Wiki tatu zimepita na kuku wote sitini na wawili ni wazima. Everline, aliyeahirisha safari ya kurudi, huwahesabu mwenyewe kila asubuhi.

Jumamosi yeye na mkaza mwanawe watapanda basi la Vihiga na chanjo kwenye chombo chenye barafu. Jumapili, baada ya ibada, wataanza na kuku waliobaki kwa Everline, kisha waende kwa majirani.