Mawe Yaliyopakwa Mafuta

Katika nyumba yangu hapa Kanja, hakuna mtoto aliyewahi kwenda kanisani akiwa amepauka. Nimelea saba, na kila Jumapili niliwasugua na kuwapaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Namshukuru Mungu kwa neema hiyo, ingawa ndiyo iliyoniponza.

Mjukuu wangu anasomea mambo ya sayari chuo kikuu. Alinieleza kwamba hakuna mtu aliyefika Mirihi kuokota jiwe. Wanatazama tu mwanga wa jua unaorudi kutoka kule, maana kila aina ya jiwe humeza sehemu yake ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Ili kuuelewa mwanga huo, lazima kwanza wapime mawe ya huku yanayofanana na ya kule. Basi akaokota mawe sita meusi ya volkano mtoni, chini ya shamba letu, akayapanga barazani, akaenda Embu mjini kuchukua mashine ya chuo ya kupimia huo mwanga. Alikuwa amepewa siku moja tu nayo. Akikosa vipimo, angengoja zamu ya mwaka ujao.

Nikayatazama yale mawe. Yalikuwa yamepauka kabisa.

Jumapili baada ya misa alianza kupima. Alimulika la kwanza, la pili, la tatu, akarudia la kwanza.

"Shosho, yote matatu yana kibonde mahali pamoja," alisema, akionyesha mstari kwenye kompyuta. "Hii ni alama ya mafuta."

Mzee wangu aliweka kikombe chini. "Mafuta? Chini ya shamba letu?"

"Sijui, Guka," akamjibu babu yake.

"Basi punguza sauti. Jirani ana masikio."

Nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo asubuhi ile ile. Sikuweza kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyaosha. Halafu nikayapaka kidogo."

"Kidogo, Shosho?"

"Lile kubwa lilikunywa sana."

Mzee wangu alirudia chai yake kama mtu aliyefiwa. Mjukuu hakunigombeza, aliinamisha kichwa mezani, na hilo liliniuma zaidi. Sabuni isingesaidia, alisema, mafuta yalikuwa yameshanyonywa.

Nikakumbuka watoto wangu saba. "Miaka yote niliyowapaka," nikamwambia, "sijaona mafuta yakifika moyoni. Yavunje."

Aliinua kichwa. Mzee akaleta nyundo, na nadhani alimalizia hasira ya utajiri uliomponyoka kwenye lile kubwa. Ndani lilikuwa jeusi na kavu. Mwanga ulipolipiga, mstari ukapita pale bila kibonde. Kufikia jioni yote sita yalikuwa yamepimwa, nami nikasali rozari yangu nikiwa mbali na meza, kama nilivyoamriwa.

Alipoinuka kufunga mashine, uso wake ulikuwa umepauka kwa vumbi la mawe. Nikachukua chupa yangu ya mafuta. Hakukimbia. Alifumba macho, akaificha mikono nyuma ya mgongo ili isipate mafuta kabla ya kushika mashine, akanitolea uso.