Siku Nilipolala kwenye Mikeka ya Msiba

Kabla sijaanza, chekeni kabisa mmalize, maana najua mmeshasikia. Ihumwa nzima imesikia, Kondoa wamesikia, na juzi mama mmoja nisiyemjua alinisimamisha sokoni akaniuliza kama mimi ndiye yule aliyefufuka. Ndiyo, ni mimi. Aibu niliyoipata siku ile haina mfano, hata siku nilipomshonea bi harusi gauni likaachia mshono ukumbini mbele ya wakwe zake haikufika hapo. Lakini leo nawasimulia mwenyewe, tena nimekaa chini sijaegemea ukuta, mnaniona? Mwaka jana nisingeweza.

Mnajua kazi yangu ni cherehani. Tangu nikiwa msichana nimeinamia cherehani, na nikitoka hapo nainamia masufuria, kwa sababu mimi ndiye mpishi mkuu wa chama chetu cha akina mama, kile cha kufaana kwenye misiba. Vyombo vya chama vinakaa stoo kwangu: masufuria makubwa, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na ile mikeka yenye alama ya rangi nyekundu pembeni ili isipotelee kwenye misiba ya watu. Mtaani kwetu ukiona mikeka yenye rangi nyekundu imetoka stoo kwa Fundi Mwajuma, huulizi kitu. Unafunga khanga kiunoni, unabeba ulichonacho, unakwenda. Shikeni hilo.

Sasa mgongo wangu ukagoma. Ulianza kidogo kidogo, mwisho nikawa napika nimekaa kwenye kiti, naonyesha kwa kidole, "hapo ongeza maji, hapo punguza moto," na mwiko akawa anaushika Bi Mwantumu. Bi Mwantumu ni mtu mzuri (wa kelele, ila mzuri), lakini ugali wake, Mungu anisamehe, una madonge ya kumvunja mtu meno. Basi nikaanza kusikia minong'ono kwamba kwenye kikao kijacho watasema Fundi apumzike. Kupumzika! Nyie hamjui kupumzishwa ni nini. Wanakunyang'anya mwiko halafu wanaanza kukuonea huruma. Mimi mume amefariki, mtoto sikujaliwa, ndugu yangu ni kaka Rajabu peke yake, naye yuko Busi na mashamba yake. Pale kwenye sufuria ndipo mtaa unaponihitaji, na nikiondolewa pale nabaki fundi mzee mwenye nyumba kubwa.

Siku moja nimekwenda mjini kununua bitana dukani kwa dada Hansa. Dada Hansa ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake aliuza vitambaa kwenye mtaa ule ule, na mimi nanunua kwake tangu najifunza kushona. Amenizidi umri kwa mbali, shikamoo nampa mimi, lakini anabeba majora ya vitambaa kama anabeba mito. Akaniona nimeshikilia meza ya duka nisidondoke.

"Mwajuma," akasema, "unatembea kama umebeba ndoo kichwani na ndoo yenyewe haipo. Njoo asubuhi juu ya nyumba, tufanye yoga."

"Dada, hiyo si dini yenu?"

"Mimi nasali chini, chumbani kwangu. Huko juu tunanyoosha mgongo. Wewe nyoosha wa kwako."

Nikaenda. Siku ya kwanza akaniambia niinuke na kuinama nishike vidole vya miguu, nikavitazama kwa mbali tu tukasalimiana. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja kama mti, nikaangukia tangi la maji. Kuna ile ya kuweka mikono chini na kiuno juu, kama mtu anayedeki, nikakwama huko huko ikabidi mfanyakazi wa dukani aje kunikunjua. Lakini dada Hansa hacheki mtu. Anasema "pumua" na anaendelea. Nami nina kichwa kigumu, nikirudi nyumbani nafanya, nikiwa nasubiri pasi ishike moto nafanya, mpaka siku moja nikainama na vidole vya mkono vikagusa vya mguu. Nililia jamani. Nililia nikiwa nimeinama hivyo hivyo, machozi yakawa yanashukia kwenye paji la uso badala ya mashavuni.

Sasa hapo ndipo kiburi kiliponiingia, na ningekuwa na akili ningekaa kimya. Nikataka mtaa uone. Nikamwomba dada Hansa aje Ihumwa asubuhi moja kabla ya kikao, tufanyie uani kwangu, nikaalika Mama Neema jirani yangu na Siwema, wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Mama Neema akiona, Mama Neema hana siri, kikao kitafika wote wanajua mgongo wa Fundi umerudi.

Tatizo likawa kulala chini. Uwanja wangu una mbigili (kama ya Dodoma huijui, muulize mtu mwenye baiskeli), na mkeka wangu mwenyewe ni mmoja, umetoboka. Nikasimama mlangoni pa stoo nikaitazama ile mikeka ya chama. Nikasema, tunaitumia mara moja, kabla ya chai imesharudi, nani atajua? Nikaitoa nikaitandika. Hilo tu, jamani. Mengine yote yalizaliwa hapo.

Dada Hansa akaja na bajaji, amebeba na udi wake wa vijiti, akauwasha akauchomeka kwenye kopo la mchanga, harufu ikatanda. Tukanyoosha, tukainama, Siwema akaanguka mara kadhaa, Mama Neema akawa anasema "Mungu wangu" kila akigeuka. Mimi nilifanya vizuri sana, semeni mnalotaka. Mwisho dada Hansa akatuambia tulale chali, tufumbe macho, tusiongee, tusijitikise, hata nani aje. "Wazo likija, liache lipite. Sauti ikija, iache ipite." Jua lilikuwa limeanza kutupiga usoni na inzi nao wameamka, basi nikajifunika khanga kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wenzangu wao walijiziba macho tu kwa ncha za khanga.

Sasa jitieni kwenye macho ya Mama Chiku muuza maandazi. Kila asubuhi akipita na beseni lake anasimama kwenye uzio wangu anaita "Mbukwenyi!" kwa salamu ya Kigogo, nami naitikia, tunataniana, nanunua. Siku ile akaita, kimya. Akaita tena, kimya (tulimsikia, tukaiacha ipite). Akachungulia. Akaona stoo iko wazi. Akaona mikeka yenye rangi nyekundu imetandikwa. Udi unafuka. Wanawake wamejilaza kimya, na katikati mtu amefunikwa gubigubi, kichwani kwake amekaa mama wa Kihindi amefumba macho, ameinamisha uso. Na Fundi, ambaye haijawahi kutokea akaacha salamu bila kuitika, haitiki.

Mama Chiku hakuuliza. Nani angeuliza? Akatua beseni lake hapo hapo barabarani, akakimbia.

Mimi niko ndani ya khanga, natulia. Nasikia mbio za watu, naziacha zipite. Nasikia kwa mbali mtu analia kilio cha msiba, nikajiambia kuna mtu ametutoka mtaa wa pili, inabidi niamke nitoe masufuria. Halafu nikakumbuka, usijitikise. Nikapumua. Nilijisikia fahari, nawaambia ukweli, nikasema kweli Mwajuma umefika, zamani ungekuwa umesharuka. Kilio kikasogea. Kikaingia getini kwangu. Nikahisi mtu ananidondokea miguuni, na sauti ni ya Bi Mwantumu.

"Fundi! Fundi Mwajuma umetuacha! Nani atatupikia? Mimi nimeshika tu mwiko, siujui ule mwiko! Mwajuma amka uninyang'anye!"

Hapo, jamani, lile wazo halikupita. Nikaketi. Na khanga bado iko kichwani.

Sijui niwaelezeje. Wale waliokuwa wanaingia wakageuka kutoka, wale waliokuwa nyuma wanasukuma kuingia, mtu akatupa ndoo ya unga hewani tukawa wote weupe, Mama Neema naye aliyekuwa amepitiwa na usingizi kweli akaamka akaona watu wanakimbia akakimbia nao. Bi Mwantumu alirudi kinyumenyume mpaka akakalia mbigili, na kelele aliyopiga hapo ndiyo iliyowathibitishia waliobaki barabarani kwamba mambo yameharibika. Wanaume walikuwa wameshafika na turubai, nguzo mbili zimeshasimama, na mzee wetu mmoja wa msikitini amesimama na jembe begani ananiangalia. Akaniuliza taratibu, "Fundi, wewe ni mzima?"

"Mzima, shehe. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na jembe bado liko begani. "Sasa hapa mnafanya nini?"

Nikatazama pale. Mikeka ya chama, udi, unga kila mahali. Nikasema, "Mazoezi." Mnaweza kufikiria neno hilo lilivyotoka.

Simu ikaita, kaka Rajabu. Walikuwa wameshampigia. Nikapokea mbio, "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Mwajuma."

Kaka akashusha sauti, "Hebu nipe mtu mwingine hapo niongee naye." Akapewa shehe, shehe akamweleza, akamweleza tena. Kaka alikuwa ameshapanda gari na wazee wa Busi na gunia la maharage, akasema hashuki, anakuja kuniona kwa macho yake.

Basi hali ndiyo hiyo: uwanja umejaa watu waliokuja kunizika, wengine wananuna, wengine wanacheka mpaka wanakaa chini, Mama Chiku anasema yeye hakukosea, yeye alisema alichokiona. Na kuni zimeshuka, unga umeletwa, maji yameletwa. Mtu hawezi kuja msibani kwako akarudi na njaa, hata kama msiba wenyewe umeghairiwa. Nikaona aibu inataka kunikimbiza ndani nijifungie. Nikaangalia mafiga. Nikasema, Mwajuma, uliwaitia nini watu hawa kama si kuonyesha?

Nikafunga khanga kiunoni. Nikabandika sufuria kubwa kuliko yote. Nikanyoosha mkono kwa Bi Mwantumu (anasaidiwa na wenzake kutolewa mbigili) na hakusubiri niseme, akaenda stoo mwenyewe akaniletea mwiko kwa mikono miwili.

Nikapika. Nikainama, nikasonga, nikainuka, nikainama, na kila nikiinama dada Hansa aliyekaa kwenye kiti changu cha kuonyeshea kidole anasema "pumua," na mgongo, wapendwa, ulikuwa wangu. Ulikuwa wangu wote. Akina mama walinizunguka wakinitazama. Hakuna donge hata moja kwenye ule ugali, ulizeni.

Kaka akafika jua limeshageuka. Akasimama getini na wazee wake, amevaa kanzu ya msiba. Mimi sikumwona, mwiko ulikuwa umeniponyoka ukaanguka, nikainama kuuokota, miguu imenyooka kabisa, kama nilivyofundishwa. Nikainuka nikamkuta amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika.

"Kaka, mimi mzima, unalia nini?"

"Njia nzima sikulia," akasema. "Nilijikaza, kwa ajili ya wazee. Mara ya mwisho nimekuja hapa ulishindwa kuinuka kunipa mkono, nikaondoka nikijua simu hiyo inakuja. Imekuja. Halafu nafika nakukuta umeinama unaokota kitu chini kama msichana."

Nikampakulia.

Kwenye kikao hakuna aliyetaja kupumzika. Nililimwa maneno, hilo halina ubishi, na ikapitishwa kwamba mikeka ya chama haitoki stoo ila kwa kazi yake. Mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja. Sasa tunafanyia kwenye zulia la plastiki, redio inaimba taarabu kwa sauti ya juu ili mpita njia asipate wasiwasi, salamu zinaitikiwa hata kama umesimama kwa mguu mmoja, na anayelala mbele kabisa karibu na dada Hansa ni Bi Mwantumu, ambaye hajifuniki khanga hata jua liwake vipi.

Mimi nimeapa. Mikeka ile yenye rangi nyekundu nitaitoa, nitaitandika, nitaikung'uta na kuikunja kwa mgongo wangu huu huu, lakini kulala juu yake kwa hiari yangu, tena basi. Zamu itakayofuata nitalazwa. Na siku hiyo sina wasiwasi, nimeshasikia watakavyolia, nimesikia na walichosema. Ninachoomba ni kimoja tu, ugali asisonge Mwantumu.