Udongo wa Unyayo wa Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukiuza nguo mpakani Tunduma, hata salamu unaipima kwanza. Kwa hiyo nilipomwona shangazi akiinama nyuma ya mama, akachota udongo wa unyayo wake na kuufunga kwenye pindo la kanga, sikuhitaji kuambiwa. Kila mtu anajua udongo kama huo hupelekwa wapi.

Nilikuwa nimekwenda kwetu Mbozi msimu wa kahawa. Ikishamenywa na kuvundikwa, wanawake huikanyaga majini kwa miguu mpaka utelezi uishe, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo. Chini ya kisigino alikuwa na alama nyeusi tangu utotoni. Sisi watoto tulisema ni punje ya kahawa iliyomganda. Safari hii alichechemea, na akitoka majini tu, anavaa soksi.

"Nimejikwaa, mwanangu," alisema.

Sikumwamini, na shangazi ndiyo kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Chakula alichopika nilikionja kwa ncha ya ulimi, na nilipoondoka sikumuaga.

Miezi ikapita, mama akaletwa kwangu hawezi kukanyaga chini. Nilimvua soksi kwa nguvu. Punje yetu ilikuwa imetambaa nusu ya kisigino, kingo zimechongoka, katikati kidonda. Hospitali wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima. Majibu yalipotoka, daktari alituambia alama ya namna ile inaweza kukaa miaka bila madhara, kisha ikageuka saratani. Akaipapasa mitoki ya mama, tezi zilizovimba kinenani, akauliza damu ilianza kutoka lini.

Mama alitazama ukuta. Nikatoka nje, nikampigia shangazi simu na kumtupia yote: wivu, uchawi, udongo.

Hakufoka. "Ule udongo ulikuwa na damu," alisema. "Wifi alinisihi nimfichie. Wenzetu wangeona, nani angemruhusu tena kukanyaga kahawa yake? Nikawa napita nyuma yake, nachota, namwaga migombani."

Niliumia mpaka nikatamani angekuwa mchawi kweli. Ningepata wa kumchukia.

Nilirudi ndani nikamwambia daktari: tangu msimu wa kahawa. Akasema, polepole, kwamba wakati ule pengine kukata kisigino kungetosha.

Mama akanyoosha mkono, akaomba soksi zake.