Upande wa Nyuma wa Hati

Mwanangu, nnaikumbuka Jumapili moja nilipoingia darasani na kalamu mbili mpya na kiburi kingi. Nnakuhadithia kwa sababu jana uliniambia mafunzo yako ya kazi yanaanza wiki hii kule Wattaya, na kwamba mengi watakayokufundisha unayajua tayari. Na mie nilikuwa hivyo hivyo.

Tulikuwa tumerudi huku, nchi ya Kiarabu ya mababu zetu, kutoka Unguja miaka si mingi. Kiingereza nilikuwa nacho, na taipu nikipiga bila ya kutazama vidole, basi idara ya kumbukumbu za ardhi ikaniajiri upesi. Kiarabu cha nyumbani nilikiweza. Cha kwenye karatasi kilinishinda, na hilo sikumwambia mtu. Sisi tuliotoka Afrika tulikuwa tukichekwa kidogo kidogo wakati wa kahawa, na mie sikutaka kuchekwa.

Zikaja kompyuta. Hati zote za zamani zilitakiwa zipigwe picha kwa mashine na kuhifadhiwa humo, kisha karatasi zenyewe zikatwekatwe. Mkufunzi alitusomesha wiki tatu kwa Kiarabu cha vitabuni. Kila alipouliza kama tumefahamu, mie ndio wa mwanzo kutikisa kichwa, na mara nyengine nikaongeza "aywa", yaani ndiyo. Usicheke, hata wewe unafanya hivyo kwa daktari.

Jambo moja alilirudia sana, nami likanipita. Hati yenye muhuri igeuzwe, na upande wa nyuma upigwe picha vile vile. Wazee wa hapa wakipeana kitu, hawakuwa wakitafuta karatasi mpya. Waliandika nyuma ya hati ile ile, na mashahidi wakatia dole gumba. Mie sikugeuza hata moja. Nilimaliza masanduku mengi kuliko wenzangu wote, na nikasifiwa kwa hilo.

Baada ya miezi akaja mjane mmoja kutoka Bustan, Bi Zuwena. Mumewe alimpa nyumba yote alipokuwa hai, na akaandika hivyo nyuma ya hati. Sasa mashemeji walikuwa wanadai mafungu yao. Nikaifungua picha mbele yake, na palikuwa na upande wa mbele tu. Karatasi yenyewe ilikuwa ishakatwa.

"Kaandika mbele yangu," aliniambia. "Mie ndiye niliyemshikia kidau cha wino."

Mashahidi walikuwa washakufa. Nyumba ikagawiwa, na Bi Zuwena akahamia kwa binti yake.

Mkuu wetu, Bi Khadija, alizaliwa Unguja kama mie, na meza yake ilikuwa ya pili kutoka yangu. Aliniita, akanimiminia kahawa, akataka kujua kwa nini sikuigeuza. Nikamwambia kweli: Kiarabu kile sikukifahamu, na niliona haya kuuliza.

"Ungeniuliza kwa Kiswahili," alisema, "ningekujibu kwa Kiswahili."

Nililia siku ile, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile roho inaniuma. Kesho yake nikaenda kwenye masanduku ambayo karatasi zake zilikuwa hazijakatwa, nikaanza kugeuza hati moja moja, na kila nilipokwama kwenye maandishi nikanyanyuka kwenda meza ya Bi Khadija. Hapo ndipo niliposoma kazi. Bustan pia nilikwenda, kuomba radhi. Bi Zuwena alinisamehe, lakini aliponisindikiza tulipita mbele ya nyumba yake ile iliyogawiwa, na yeye akatazama upande mwengine.

Baadaye mie nikawa mkufunzi, mpaka nikastaafu. Sikumuuliza mwanafunzi hata mmoja kama amefahamu. Nilimpa hati mkononi nikamwambia anionyeshe.

Basi mwanangu, mashine zenu siku hizi zinasoma maandishi zenyewe, na mkufunzi wako huenda akawa sauti tu kwenye kompyuta. Usitikise kichwa kwa jambo usilolijua. Sema hujafahamu, sema siku ya kwanza, sema kwa lugha yoyote inayokutoka. Cheko la wenzako litakwisha kabla ya kahawa kupoa. Majuto yangu mie hayajesha.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua chako, akupe elimu yenye manufaa na ulimi usioona haya kuuliza. Na siku atakapokujia mtu anayetafuta haki yake, akukute ushaigeuza karatasi.