Gia ya Mashine ya Theluji

Naungama: niliwahi kusema uongo kwenye kaunta ya vipuri, Randburg, hapa Joburg, nikimsemea muumini mwenzangu, seremala Mrundi asiyejua Kiingereza. Alinunua mashine ya kuondolea theluji kwa mzungu aliyekuwa anahama, akawa anarushia nayo maranda kwenye lori, karakanani kwake pale Bertrams. Gia ya kugeuzia bomba la kutolea maranda ikaisha meno, bomba likawa linageuka linavyotaka. Mama mwenye nyumba alishaonya: maranda yakiangukia nguo zake tena, karakana ihame.

Muuzaji akauliza, "Gia ya mashine gani?"

Niliona aibu kutaja theluji mbele ya foleni. Gia kuukuu nikaiacha mfukoni, nikajibu, "Ya kukatia majani."

Tuliyopewa tukailazimisha ikaingia. Dakika tano tu, mashuka ya mama yakawa kama samaki aliyepakwa unga.

"Kaka, ulimwambia nini yule?" seremala akaniuliza.

"Ya majani."

"Sasa majani iko wapi hapa?"

Tukarudi. Safari hii seremala alitoa gia kuukuu mwenyewe, akajikumbatia akitetemeka, kisha akapuliza "fuuu!" na kurusha mikono juu. Foleni nzima ikacheka. "Eish, baba, theluji hapa Joburg?" alisema muuzaji, akapekua maboksi hadi akapata inayolingana.

Tulipoifunga, mama alikuja kukagua. Bomba lilielekea lorini, halikutikisika. "Haya, kaeni," akasema.

Mungu amenisamehe, natumaini. Nawe msomaji, nakuomba: ukinichukua nikusemee dukani, niulize palepale nimesema nini.