Kitambaa cha Kisarawe

Mara ya kwanza mume wangu aliponiomba nimsubiri barabarani na kitu cha kunywa, nilimpelekea chai. Chai ya maziwa, ya moto, kwenye chupa, saa saba mchana, mwezi wa Desemba. Sikuwa mwendawazimu, nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Tulifundishwa kwamba jasho ndilo linalopoza mwili, nami nikapiga hesabu zangu: mkimbiaji akinywa cha moto atatoka jasho zaidi, na akitoka jasho zaidi atapoa zaidi. Akanywa kikombe kizima kwa heshima ya ndoa, akakimbia hatua chache, akairudisha yote kando ya barabara ya Morogoro.

Hakuniomba tena. Na hapo ndipo maradhi yangu yalipoanzia.

Tulikuwa tunakaa Kibaha, karibu na Maili Moja. Jioni alikuwa anafundisha elimu ya watu wazima, na kila Jumamosi alikuwa anakimbia hadi Kisarawe kujiandaa na mbio za sikukuu ya Uhuru za mwaka uliofuata, kisha anarudi kwa lori. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Maili Moja kununua mafuta ya taa najihesabu nimesafiri. Kisarawe nilikuwa naijua kwa jina tu, kama ninavyoijua Bukoba.

Basi Jumamosi moja akarudi na kipande cha khanga shingoni, kimelowa. Nilikitazama vizuri. Khanga zangu hazikuwa nyingi kiasi cha kunichanganya. Kile hakikuwa changu.

"Hiki umekiokota?"

"Nimepewa. Kuna bibie mmoja pale unapoanza mlima wa Kisarawe, ana mtungi barazani. Analoweka kitambaa, ananiwekea shingoni."

"Shingoni."

"Shingoni, na kwenye vifundo vya mikono. Kocha anasema hapo damu inapita juu juu, ukipapoza, mwili mzima unatulia. Kisha nasukutua, nameza mafunda mawili, naondoka."

Habari za damu sikuzisikia. Nilisikia vifundo vya mikono. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kujua kwamba vifundo vya mume wangu vina kazi yoyote.

"Ameolewa?"

"Aliachwa," akajibu, kwa wepesi kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa.

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, aliyasikia yote. Uani kwetu na kwake palitenganishwa na makuti tu. Kesho yake akaniita.

"Shoga, wenzio huanzia hivyo hivyo. Leo kitambaa, kesho mkeka. Ukiletewa mke mwenza usije kunililia mimi."

Hiyo hasa ndiyo ilikuwa hofu yangu. Dini inamruhusu, na mshahara ukibanwa unatosha. Nikajaribu kushindana: nikaloweka kitambaa changu mtungini, nikamfunga shingoni alipokuwa anatoka. Akarudi na cha Kisarawe. Changu, alisema, kilikuwa kimekauka alipofika Kiluvya.

Siku ya mbio nikafanya jambo ambalo mtaa mzima ulitoka kulishuhudia: nilipanda lori la washangiliaji hadi Kisarawe. Bibie nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Njia nzima nilikuwa nimemwomba Mungu ampe japo pengo. Hakuwa nalo. Tena alikuwa na adabu, jambo lililoniudhi zaidi.

"Shikamoo, dada. Umekuja kumtazama nani?"

"Mume wangu. Huyo mwalimu unayempoza."

"Ahaa, mke wa mwalimu! Afadhali. Shika kata, dada, leo wako wengi."

Mume wangu alipotokea kwenye kona alikuwa wa pili. Leso iliyolowa imening'inia chini ya kofia, hatua fupi fupi, anafuata upande wenye kivuli. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkono wenye kitambaa. Hakuniona. Nimesimama pale na gauni langu la Idi, na hakuniona.

Nikaitupa kata, nikanyanyua ndoo.

"Dada, taratibu, siyo mi—" yule bibie alipiga kelele, lakini maji yalikwisha ondoka. Yakamshukia mume wangu utosini, yakapita kifuani, yakaishia yote ndani ya raba zake.

"Mke wangu?" akasema, huku anatema maji. Sijawahi kuitwa hivyo kwa mshangao kiasi kile.

Mkimbiaji hupozwa kichwa, shingo na mikono. Miguu huachwa mikavu. Hilo nililijua nikiwa namtazama anavyopanda mlima, raba zinalia kwak, kwak, kama bata, na wenzake wanampita mmoja mmoja. Alimaliza ameshika raba mkononi, nyayo zimejaa malengelenge.

Tuliporudi Kibaha akakalishwa sebuleni, miguu juu ya stuli. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba Kisarawe haendi tena mpaka nimwambie ninachotaka ni nini hasa. Nikatoka uani, nikalia mbele ya jirani yangu: nimemvunjia mbio zake, nimejiaibisha wilaya mbili kwa mpigo, na yule bibie bado hana pengo.

Aligeuza vitumbua vyake vyote kwanza. Kisha akasema:

"Shoga, ulitaka mume akae nyumbani, si huyo amekaa? Acha kunidondoshea machozi kwenye mafuta, nenda kampake dawa hiyo miguu. Kule Kisarawe yupo ambaye angekwisha maliza kumpaka."