Kompyuta Iliyovaa Vizuri

"Ni wewe umeichosha na mitihani yako, Mwalimu!"

"Mama, hii ni mashine, si punda!"

Jirani yetu mwalimu na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, walikuwa wakigombana juu ya kompyuta yao kuukuu. Kila ikiwashwa, baada ya nusu saa ilianza kujikokota. Ungebonyeza herufi, ukanywa uji, ndipo ionekane. Sasa Mwalimu aliapa kuiuza katika mji wa Kwa Vonza siku ya soko. Hilo lilinigusa mimi pia, kwa sababu tangu niache shule kidato cha pili, nilikuwa nikijifunzia kupiga chapa hapo.

Nikakumbuka kwamba Jumatatu mashine ilifanya kazi mchana kutwa bila kusinzia. Na Jumatatu Mama hufua.

"Mama," nikauliza kwa adabu, "Jumatatu vitambaa vya kompyuta vilikuwa wapi?"

"Kwa kamba, vikikauka."

Mwalimu akainuka. Akafunua kitambaa cha kwanza cha kufuma, cha pili, na cha tatu chenye maua. Akaweka kiganja juu ya mashine, akakitoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Umeziba matundu yote! Ipumue wapi?"

Ukambani hatuachi kiti wala redio bila kitambaa. Lakini kwa jua hili la Kitui, hata mimi ningevishwa sweta tatu ningefanya kazi polepole.

Kompyuta haikuuzwa. Nilipokuwa nikitoka, Mama alinishika mkono mlangoni, akaninong'oneza:

"Jumamosi usikuje kujifunza. Akina mama wa kanisa watakuwa hapa, na siwezi kuwaonyesha mashine ikiwa uchi."